Laptopu iliyohaibaneti bado inaikumbuka diski yake, usiiguse kabla haijaamka

Msimu wa korosho ukianza huku kwetu Mtwara, mwezi wa kumi hivi minada inapoanza kuchangamka, meza za mafundi kompyuta zinajaa laptopu za makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na malalamiko yanafanana kweli kweli. Folda ya wakulima imegeuka majina ya ajabu ajabu yasiyosomeka, Excel iliyokuwa inafunguka juzi leo inagoma, picha inatokea nusu na nusu nyingine ni kijivu kitupu, na kila aliyesimama pembeni ana jibu lake. Mmoja atasema virusi vya flashi ya steshenari, mwingine atasema umeme ulivyokatika ndo umeunguza, mwingine hiyo hadidiski feki, nunua nyingine. Wakati mwingine wanapatia. Ila kuna sababu moja ambayo huwa haitajwi, hata na sisi mafundi wenyewe, kwamba mashine ilikuwa imehaibaneti, yaani imezimika huku kumbukumbu yake imehifadhiwa kwenye diski, mtu akaichezea diski yake ikiwa bado imelala, halafu ikaamshwa ikaendelea na kazi kama hamna kilichotokea. Hilo peke yake linatosha kuharibu mafaili, bila kirusi na bila diski mbovu.

Tuanze na maneno yenyewe maana hapa ndo watu wengi tunachanganya. Kompyuta ina sehemu mbili za kuweka vitu. Kuna RAM, hii inashika vile unavyovifanyia kazi sasa hivi, ina kasi sana ila inaishi kwa umeme, ukikata umeme imesahau vyote. Halafu kuna diski, iwe hadidiski ya zamani ile inayozunguka au SSD, hii ni ya pole pole lakini inatunza hata ukiichomoa ukaifungia kabatini.

Ukiizima kompyuta kabisa, programu zinafungwa, vyote vilivyokuwa RAM vinavyotakiwa kubaki vinaandikwa kwenye diski, na mwisho mfumo endeshi, yaani Windows au Linux inayoiendesha kompyuta, unaiachia diski na kuiwekea alama kwamba imefungwa salama. Ukiilaza, ile "Sleep", karibu kila kitu kinapumzika isipokuwa RAM ambayo inaendelea kunyonya betri kidogo kidogo ili isisahau. Sasa haibaneti ni ya tatu, iko katikati: mfumo unachukua yaliyomo ndani ya RAM, unayaandika kwenye diski, kisha mashine inazimika jumla, unaweza hata kuitoa betri ukaiweka mfukoni. Kesho ukiwasha inayasoma yale yale, inayarudisha RAM, na wewe unaikuta Excel yako kwenye mstari ule ule ulioachia, hata kilo za mkulima ambazo hujazisevu zipo.

Kwenye Windows maandishi hayo yanakaa kwenye faili linaloitwa hiberfil.sys, liko kwenye C na limefichwa, na kwa mipangilio ya kawaida ya Windows 10 ukubwa wake ni kama asilimia 40 ya RAM, ndo maana mwenye RAM ya GB 8 anashangaa GB 3 na ushee zimeliwa na kitu asichokijua. Linux yenyewe kwa kawaida inaandika kwenye eneo la swapu, sehemu ya diski iliyotengwa kuisaidia RAM.

Mpaka hapa rahisi. Swali ambalo watu hawajiulizi ni hili, ndani ya hiyo RAM iliyohifadhiwa mlikuwa na nini? Wengi tunafikiria madirisha tuliyofungua basi, Word, Excel, muziki. Kumbe sehemu kubwa ni habari za diski yenyewe. Mfumo endeshi hauendi kuisoma diski kila ukigusa kitu, ungechelewa mno, kwahiyo unaweka kopi RAM: orodha ya mafaili ya kila folda uliyopita, ramani ya sehemu gani za diski zina kitu na zipi ziko wazi, vipande vya mafaili uliyofungua karibuni, na tena yale ambayo umeshabonyeza sevu lakini bado yanasubiri sekunde zao kwenda kuandikwa. Kwahiyo laptopu iliyohaibaneti ina picha kamili kichwani ya jinsi diski ilivyokuwa dakika ile ilipolala, na ikiamka haianzi kukagua upya, inaiamini ile picha.

Chukua ghala la korosho. Karani wa ghala anajua kichwani kwamba safu ya nne iko wazi, mzigo wa chama fulani uko kona ile, na ana magunia hajayaingiza kwenye daftari ila anayakumbuka. Analala. Usiku anakuja karani mwingine, anaona safu ya nne kweli iko wazi, anapanga mzigo pale, anaandika kwenye daftari, anaondoka zake. Asubuhi yule wa kwanza anaamka na wala haendi kuangalia, yeye anajua safu ya nne iko wazi, anawaambia vibarua washushe mzigo mpya pale pale, kisha anachukua daftari anarudishia ukurasa jinsi alivyoukumbuka jana. Pale ghalani vibarua wangepiga kelele, mzee hapa pamejaa! Diski haina mdomo, inaandika unachoiambia, na kilichokuwepo kinafutika. Ukifika mchana una safu moja yenye mzigo wa watu wawili na daftari lisilofanana na ghala, na hilo ndo lile faili la Excel linalogoma na ile picha iliyokatika nusu.

Angalia vizuri hapo, hakuna karani aliyefanya kosa. Kila mmoja alifanya kazi yake sawa sawa kwa anachokijua. Ndo maana uharibifu wa namna hii hauji na onyo lolote, mashine inaamka vizuri, inafanya kazi masaa mawili matatu, na kuharibika kunaonekana baadaye wakati umeshasahau kabisa kwamba juzi diski ilichomolewa.

Mashine yenyewe inajilinda vipi

Waliotengeneza mambo haya waliliona tatizo mapema, na ukifuatilia hatua wanazozipitia utaelewa kwa nini haibaneti ikiachwa peke yake ni salama kabisa. Nitaeleza ya Linux maana kila kitu chake kiko wazi, watu kama Pavel Machek na Rafael Wysocki wameifanyia kazi miaka mingi, na maelezo yake yameweka onyo kali mwanzoni kabisa kwamba ukigusa chochote kwenye diski kati ya kulala na kuamka, data zako ziage.

Programu zote zinagandishwa, zinasimama zilipo. Lazima iwe hivyo kwa sababu ukipiga picha ya RAM huku programu zinaendelea kuandika, nusu ya picha itakuwa ya sekunde hii na nusu ya sekunde ijayo, na hizo mbili hazikubaliani. Na kabla tu ya hapo yale yaliyokuwa yanasubiri kuandikwa yanasukumwa kwenye diski, hili si la lazima sana maana yangebaki kwenye picha, lakini ni bima, mashine ikishindwa kuamka angalau kazi yako iko kwenye diski. Halafu picha ya RAM inachukuliwa kwa mpigo mmoja, hakuna kingine kinachoruhusiwa kukimbia.

Hapa kuna kitu kinanifurahisha sana. Picha ikishapigwa, ni marufuku kugusa faili lolote, hata moja. Kwa nini? Kwa sababu ukiandika faili sasa, diski itabadilika na picha haitajua, yaani utakuwa umejiharibia mwenyewe kabla hata hujalala. Lakini si bado inabidi ile picha iandikwe kwenye diski? Ndiyo, kwahiyo inaandikwa moja kwa moja kwenye sehemu zilizotengwa kabla, bila kupitia mfumo wa mafaili, ule utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski, bila kubadilisha folda wala ramani. Ndo maana swapu inafaa, pale hamna folda za kuchanganya.

Mwisho kabisa, picha ikishaandikwa yote, inawekwa alama kwenye kichwa cha swapu kwamba hapa kuna mashine imelala. Alama inakuja mwisho makusudi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, alama haipo, ukiwasha tena mashine inaanza upya kama iliyochomolewa kwenye ukuta, unapoteza ambacho hujakisevu basi, haijaribu kuamka na picha nusu.

Kuamka nako kuna utaratibu. Kiini cha Linux, ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, kinaingia kwanza, na kabla hakijaifungua diski kuu kinaangalia ile alama, kikiiona kinaifuta kwanza halafu ndo kinarudisha picha kwenye RAM. Kufuta alama kuna maana kubwa, picha moja inatumika mara moja tu. Fikiria ungeamka nayo leo ukafanya kazi mchana kutwa, jioni ukazima, kesho ikaamka tena na picha ile ile ya jana, ungekuwa na kumbukumbu ya jana juu ya diski ya leo na tumerudi kwa karani wetu.

Kwahiyo mashine ikiwa peke yake na diski yake, mlango umefungwa pande zote. Balaa linaingia pale ambapo mtu wa tatu anaigusa diski huku mwenyewe amelala, na huku kwetu hilo linatokea kwa njia tatu.

"Lakini mimi niliizima!"

Njia ya kwanza ni hii ya mafundi. Laptopu haiwaki vizuri, kioo kimekufa au kibodi imemwagikiwa chai, fundi anachomoa hadidiski, anaitia kwenye keisi ya USB, anaichomeka kwenye kompyuta yake ili amtolee mteja mafaili. Kompyuta ya fundi ikiiona tu diski inaanza kuandika bila kuulizwa: inatengeneza folda ya takataka, folda ya System Volume Information, antivirusi inapita inafuta vitu, na pengine inauliza kama unataka kuirekebisha diski na fundi anabonyeza ndiyo. Anamaliza, anabadilisha kioo, anairudisha diski mahali pake, anawasha, na laptopu inaamka na kumbukumbu ya wiki iliyopita.

Mzee mmoja karani, ametoka huko Tandahimba na laptopu iliyopita kwa fundi mwingine, alikaa pale mezani kwangu nikamuuliza kama aliizima kabla ya kuipeleka.

"Shikamoo mzee. Hii uliizima au uliifunga tu kioo?"

"Marahaba. Niliizima mwanangu, tena kwa kufuata, Shut down, nikasubiri mpaka taa ikazimika."

Na alikuwa anasema kweli. Tatizo ni kwamba kuanzia Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kitufe cha "Shut down" kwenye mashine nyingi hakizimi kama zamani. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup, kinawashwa chenyewe, kazi yake ni kufanya kompyuta iwake haraka. Ukibonyeza kuzima, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini kile kiini chake chenyewe, pamoja na madereva (zile programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta) na kumbukumbu za diski, inakihaibaneti kwenye lile lile faili la hiberfil.sys. Kwahiyo mtumiaji anaona amezima, kumbe amelaza nusu. Kichekesho ni kwamba "Restart" ndo inazima kweli kweli kabla ya kuwasha upya, maana Windows inachukulia ukiristati unataka kuanza na akili mpya. Hii ndo sababu tatizo lililogoma kuondoka kwa kuzima na kuwasha linaondoka kwa kuristati, watu wanadhani ni bahati.

Binafsi naona walitakiwa kukipa kitufe jina lingine. Mtu akiambiwa amezima ana haki ya kuamini amezima.

Njia ya pili inawakuta zaidi wanafunzi wa vyuo, wale wanaoweka Windows na Linux kwenye mashine moja. Wanazima Windows, wanaingia Ubuntu ambayo ni aina ya Linux, wanataka kuweka asaimenti kwenye C ya Windows, Ubuntu inawaambia Windows imehaibaneti na inakataa, inakufungulia kusoma tu huwezi kuandika. Wanakasirika, wanaenda kutafuta amri ya kulazimisha, wanaikuta, kuna chaguo linaitwa remove_hiberfile, wanalibandika bila kusoma. Ujue hilo chaguo linachofanya ni kulifuta lile faili la picha, yaani linamuua yule karani aliyelala ili asije akaamka na kumbukumbu za zamani. Kwa diski ni salama, maana Windows itaanza upya, ila chochote ambacho kilikuwa hakijaseviwa pale Windows kimekwenda. Ule ukaidi wa Ubuntu ulikuwa unamlinda mwenye mashine, na kwa kweli ni moja ya sehemu chache ambazo programu inakataa amri yako kwa faida yako.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukiihaibaneti Linux halafu ukaingia mfumo mwingine ukaandika kwenye diski ambazo Linux ilikuwa imezifungua, Windows haijui kabisa habari za Linux iliyolala, haitakuonya. Na Linux ya pili kwenye mashine ile ile mara nyingi itaikuta swapu ya pamoja, ikaiandika upya, hapo angalau umepoteza picha tu.

Njia ya tatu ni flashi na hadidiski za nje. Umefungua faili lililoko kwenye flashi, umeme umekata, umeihaibaneti laptopu, ukachomoa flashi ukaenda nayo steshenari pale sokoni kuprinti, kule wameongeza mafaili yao, umerudi umeichomeka tundu lile lile ukaiamsha laptopu. Kwa Windows za karibuni hatari imepungua maana tangu toleo la 1809 la mwaka 2018 flashi zimewekwa kwenye mpango wa kuchomolewa haraka, haziwekewi maandishi ya kusubiri. Ila hadidiski ya nje iliyowekewa mpango wa kasi bado ina maandishi yanayosubiri, na kwenye Linux kuna kipengele kinachoifanya ione kifaa kilichorudi kwenye USB kama ni kile kile hakijaondoka, na maelezo yake yanasema wazi kwamba ukiwa umebadilisha vilivyomo huko nje haitagundua. Toa flashi kwa utaratibu kabla hujalaza, hii haihitaji maelezo marefu.

Yale yanayosemwa vijiweni

La kwanza, kwamba umeme ukikatika wakati mashine imehaibaneti data zinapotea. Hapana, mashine iliyohaibaneti haitumii umeme kabisa, kata wiki nzima haijui. Aliyeko hatarini ni yule wa "Sleep" mwenye betri iliyochoka, maana RAM ikikosa umeme inasahau. Ndo maana huku kwetu kwa mwenye laptopu ambayo betri imebaki jina tu, haibaneti ni rafiki mkubwa kuliko kulaza, na Windows kwa kawaida betri ikikaribia kuisha kabisa inajihaibaneti yenyewe ikiwa imewezeshwa.

La pili, kwamba kusoma tu hakuna madhara, yaani fundi akichomeka diski akakopi bila kuandika hakuna shida. Hili linasikika la maana kabisa na ndo linaponza wengi. Mifumo ya mafaili ya siku hizi, NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, ina jonali, sehemu ambapo mabadiliko yanaandikwa kwanza kabla ya kufanywa, ili umeme ukikatika katikati mfumo ukiwashwa unasoma jonali na kumalizia kilichoachwa. Diski ya mashine iliyolala haikufungwa salama, kwahiyo kompyuta ya fundi ikiifungua inaona kama imekatikiwa umeme, na inamalizia jonali hapo hapo. Kwenye Linux hata ukiomba ext4 ifunguliwe kwa kusoma tu bado itamalizia jonali, mpaka uiambie usifanye kwa neno noload. Umesema unasoma, kumbe umeshaandika.

La tatu linafuata hapo hapo, kwamba NTFS ina jonali kwahiyo italinda. Jonali inalinda dhidi ya kukatika ghafla kwa mashine moja. Haimlindi mtu aliyelala na kumbukumbu, kwa sababu hata habari za jonali yenyewe, imefikia ukurasa gani na nini bado, zimo kwenye kumbukumbu yake. Anaamka anaendelea kuandika ukurasa ule aliofikia yeye wakati mwenzie ameshaufunga.

Na lile la kwamba haibaneti yenyewe inaua SSD kwa kuandika sana, sijui. Yaani sijui mnalipatia wapi. Ndiyo inaandika GB kadhaa kila ukilaza, lakini SSD ya kawaida imetengenezwa kuvumilia maandishi ya makumi ya maelfu ya GB, laptopu ya karani itachoka vingine vyote kwanza.

Ufanye nini sasa

Mwenye laptopu, kabla hujaipeleka kwa fundi ambaye unahisi ataifungua, izime kabisa. Shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi huku unabonyeza "Shut down", hapo Windows inazima jumla bila kulaza kiini. Au fungua lile dirisha jeusi la amri andika shutdown /s /t 0, nayo ni hivyo hivyo. Ukitaka kumaliza kabisa habari za haibaneti, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike powercfg /h off, faili la hiberfil.sys litafutika na nafasi yake utarudishiwa, ila ujue haibaneti nayo imeondoka, kwahiyo kwa mwenye betri mbovu mimi simshauri, bora akazime Fast Startup peke yake kule kwenye mipangilio ya umeme.

Fundi mwenzangu, ukiletewa mashine usiamini neno "nimezima", hata la mwenye heshima zake. Kama inawaka, iamshe kwanza na diski yake, kisha izime kwa Shift. Kioo kimekufa? Chomeka kioo cha nje au televisheni kwa HDMI, uiamshe, uizime. Hata kama unaongeza RAM tu, izime kwanza. Kama mashine imekufa jumla na huwezi kuiamsha, hapo inabidi uchague moja kati ya mawili: uikopi bila kuiandika chochote ili baadaye iamke salama, jambo ambalo kwa kompyuta ya fundi yenye Windows ni gumu, au uamue kwamba ile picha haitatumika tena. Ukichagua la pili, futa hiberfil.sys kabla diski hairudi kwake, mwambie mteja kabisa kwamba vile ambavyo hakusevu vimeondoka, atanung'unika lakini mafaili yake elfu moja yatakuwa mazima.

Na kama umeshachelewa, imeshaamka na kumbukumbu ya zamani na wewe ndo unakumbuka sasa kwamba diski ilichomekwa kwingine, usibonyeze kuzima kwa utaratibu. Najua tumefundishwa maisha yote tusizime kwa kubana kitufe, hapa bana. Bana kitufe cha umeme mpaka izimike, kwa sababu kuzima kwa utaratibu maana yake ni kumpa nafasi ya kuandika kumbukumbu zake zote potofu juu ya diski, na kila sekunde inayowaka inaongeza. Ikishazimika usiiwashe, chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta yenye Linux, na ukopi kila kinachosomeka kwenda diski nyingine. Kukopi kwanza, kurekebisha baadaye, usibadilishe mpangilio huo. Chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili ukubaliane na wenyewe, na ikikuta mafaili mawili yanagombania sehemu moja inaamua inavyoona, vipande visivyo na mwenyewe inavitupia kwenye folda ya found.000 kwa majina ya FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea, na kutoka kwenye rundo hilo kuitafuta orodha ya wakulima wa kijiji kimoja ni kazi ya kufungua moja moja.